Maria na Mariamu wa Kilima Kimoja

Ipo asubuhi moja ambayo bado naikumbuka vizuri, mwanangu, ijapokuwa siku hizi nasahau hata kama nimekwisha kutia chumvi kwenye mboga ya sombe. Ilikuwa wakati wa kiangazi. Nilipanda bato la kuvuka ziwa, linalotoka hapa Bukavu kwenda Ijwi, kisiwa walikotoka wazee wa mama yangu. Nilikuwa mwanamke kijana, mwalimu wa shule ya msingi, mke wa ndoa wa Deo, na mtoto wetu mmoja, Faida, nilikuwa nimemwacha kwa dada yangu. Nilivaa kikwembe changu kizuri kuliko vyote, kama mtu anayekwenda harusini. Kumbe nilikuwa nakwenda kuomba vita.

Ngoja nikueleze vita yenyewe, maana wewe umeolewa juzi na huenda bado hujaijua.

Deo alikuwa karani katika ghala moja la kahawa karibu na bandari. Mwanaume mpole, mwenye sauti ya kuimba, anayependa kasiksi yake, pombe ya ndizi, jioni na marafiki. Mwaka ule akaacha kunywa. Mwanamke mwingine angepiga vigelegele. Mimi nilinyamaza, nikaanza kutafuta sababu, na anayeitafuta sababu kwa moyo wa wivu haikosi. Niliambiwa na mwalimu mwenzangu kwamba Deo anaonekana sana katika soko la Kadutu, kwenye meza ya mjane mmoja Mwislamu anayeuza bikwembe. Jina lake Zaina. Tangu siku hiyo nilichukia hata kule kutokunywa kwa mume wangu. Asingeacha pombe kwa ajili yangu, nilisema moyoni. Ameiacha kwa ajili yake.

Nikawa mtu wa kunusa mashati. Nikifua, nanusa kwanza. Siku moja nilisikia harufu ya udi kwenye kola, nikakaa chini kando ya beseni, sabuni ikaniyeyukia mkononi. Siku nyingine nilikwenda sokoni kumwona. Nilijifanya mnunuzi. Alikuwa mzuri, mwanangu, siwezi kukudanganya kwa uzee huu. Alicheka kwa kinywa kizima, alikunjua kitambaa kwa mkono mmoja kikafunguka chote kama maji, akaniambia, "Karibu, dada, hii itakufaa." Hakunijua. Lile neno *dada* lilinichoma kuliko tusi. Niliondoka bila kununua chochote, na njia nzima nilikuwa naulinganisha mwendo wangu na mwendo wake.

Kanisani nilipiga magoti kama wengine. Ungeniona ungedhani nasali. Nilikuwa namwomba Mungu amtie yule mwanamke upele usoni.

Halafu ikaja siku Deo aliyosema, tukiwa mezani, huku anaumega bugali bila kunitazama, "Kwa Waislamu mwanaume anaweza kuoa bibi wa pili wazi, bila kujificha. Ile ni dini ya ukweli." Nilijua sasa anapokwenda. Alitaka kubadili dini ili apate ruhusa.

Nikawaza nitumie silaha gani. Ukoo wa mama yangu ulikuwa na sifa moja kubwa pale Ijwi: watu walisema sisi ndio Wakristo wa kwanza wa kilima chetu. Bibi yake mama yangu, Nabintu, aliyebatizwa Maria, ndiye aliyeileta dini ya Kristo pale. Kwa sifa hiyo tuliwalea watoto wetu. Na Koko Elizabeti, mama wa mama yangu, ambaye sote tulimjua kuwa mtoto wa Nabintu, alikuwa bado hai. Nikasema: nitamleta Koko Bukavu, asimame mbele ya Deo na ndugu zake, awaambie kwamba ukoo ulioleta msalaba kisiwani haumpi mkwe Mwislamu hata uzi wa nguo. Deo alikuwa mtu wa kuogopa wazee. Angerudi nyuma.

Nilimkuta Koko uani, ameketi juu ya mkeka, anachambua maharagwe, kiko chake kidogo kimezimika mdomoni. Alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Uko na shida," akasema.

"Koko, hata salamu?"

"Mutu hana shida havaake vile siku ya kazi. Ikala."

Nikakaa, nikamwaga yote: udi, soko, bugali, dini. Yeye anachambua tu. Punje mbovu huku, nzima kule. Nilipofika mwisho nikasema, "Koko, twende na miye Bukavu. Umuambie Deo kama sisi njo tulileta dini ya Yezu ku hii kilima. Ile bibi wa Kiislamu hatatuweza."

Koko akatoa kiko mdomoni.

"Nabintu njo mukristu wa kwanza hapa. Ile ni kweli, batu bote banajua," akasema. "Lakini wewe, mwalimu, ulishauliza hata siku moja alienda kwa Mungu juu ya nini?"

Nikamjibu kwamba nilidhani aliguswa na neno la Mungu. Koko akacheka, si kwa ubaya. Akaniambia nisogee kivulini, maana hadithi ni ndefu na jua la kiangazi halina adabu. Nami sasa nakupa kama alivyonipa. Kwenye vilima vingine vya kisiwa huenda dini zilifika kwa njia nyingine. Wenyewe watasema yao. Mimi nasema ya kilima chetu.

Zamani zile, Ijwi ilikuwa nchi nzima kwa watu wake. Ilikuwa na mfalme wake, mwami, na ngoma zake na sheria zake, na mtu wa bara akishuka kwenye mtumbwi aliulizwa amefuata nini. Watu walimtolea Lyangombe, mkuu wa mizimu, pombe, na wazee waliokufa walitajwa majina nyumbani. Habari za Mungu wa wageni zilikuja kama harufu ya chakula cha jirani, unaisikia kabla hujaona chungu. Wavuvi walisema ng'ambo ya ziwa kuna wanaume wenye kanzu nyeupe wanaofundisha watu kusali na kusoma. Na wachuuzi wa kutoka Manyema, waliokuja na chumvi na vitambaa, watu waliwaona wakinawa miguu ukingoni mwa maji, kisha wakiinama hadi chini. Watu walitazama, wakarudi mashambani kwao. Pale kwetu hakuna aliyemfuata huyu wala yule.

Alikuwapo mtu mmoja, Bisimwa, mwenye migomba mingi na ulimi mtamu. Mke wake wa kwanza alikuwa Nabintu. Huyo ndiye aliyefyeka naye msitu, akalima naye mawe mpaka yakawa shamba. Shamba lilipozaa vizuri, Bisimwa akaoa wa pili, Nsimire, msichana mrefu aliyekuwa akitwanga huku anaimba.

Koko alisema, "Nabintu alijua moshi wa nyumba ya Nsimire kupita moshi wake mwenyewe. Ukitoka mapema, anasema: anamupikia. Ukichelewa, anasema: bado balilala."

Mwanangu, niliposikia hayo nilitazama chini. Nilimwona Nabintu kama ninavyokuona wewe. Nilimwona anapika huku shingo imegeukia upande mwingine, chakula kinaungua.

Basi siku moja mvuvi mmoja, katika kupiga porojo, akamwambia Nabintu kwamba wale padri wa ng'ambo wanataka mwanaume abaki na mke mmoja tu. Nabintu akaangusha kikapu. Akamwuliza mvuvi arudie. Alipokwisha kurudia, Nabintu akaenda nyumbani, akamwambia mumewe kwamba shangazi yake wa bara ni mgonjwa, akavuka ziwa, mwanawe wa mwisho mgongoni.

Alikaa huko miezi. Alilima shamba la misheni, akajifunza sala, akabatizwa Maria. Aliporudi alikuwa na medali shingoni na katekista mmoja nyuma yake, mtu mkimya aliyeitwa Petro, ambaye mapadri walimtuma kwa sababu Nabintu hakuacha kuwaomba. Hivyo ndivyo dini ya Kristo ilivyoshuka kwenye ufuko wetu. Mwanamke alitoka mtumbwini, nguo imelowa hadi magotini. Na kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa ishara ya msalaba. Aliinua macho kutazama kama nyumba ya mke mwenzake inatoa moshi.

Akamwita mumewe mbele ya watu. "Bisimwa! Mungu aliumba mbingu na dunia anasema bibi ni moja. Na wa kwanza ni miye."

Petro alikuwa mtu mzuri. Alifundisha watoto kusoma, alifunga vidonda, aliwaimbisha watu, na Bisimwa aliyependa nyimbo akaanza kukaa nyuma ya darasa. Kisha akataka ubatizo. Pale ndipo jambo likawa zito. Akibatizwa, Nsimire lazima aondoke. Na Nsimire alikuwa na mimba.

Huyu naye hakuwa mwanamke wa kukaa analia. Alikuwapo ufukoni mzee Ramazani, mchuuzi wa Manyema, na mkewe, wamejenga kibanda karibu na maji. Nsimire akachukua mkungu wa ndizi, akaenda.

"Muzee," akamwuliza, "kwa Mungu yako, bibi wa pili anafukuzwaka?"

Ramazani akamjibu, "Hafukuzwi, binti, kama bwana yake anawatendea haki wote wawili. Kama haki hiyo hawezi, basi abaki na mmoja."

"Mama alisikia nusu ya kwanza," Koko akaniambia. "Nusu ya pili aliiacha palepale ku maji."

Alisema *mama*, nami nikadhani anasema kwa heshima tu, kama tunavyowaita wanawake wote wazee. Nikaipita.

Nsimire akaomba afundishwe. Ramazani akasita. Akamwambia dini si kikwembe, kwamba unavaa kwa sababu jirani amevaa. Lakini mkewe Ramazani alimtazama yule msichana na lile tumbo, akamshika mkono, akamwingiza ndani. Akafundishwa kunawa, akafundishwa kusali, na siku alipotamka shahada yule mama akampa jina la mama yake Nabii Isa: Mariamu.

Habari zikampandia Nabintu kilimani kabla Nsimire hajafika. Nabintu akasimama katikati ya ua, mikono kichwani, akapiga kelele mpaka watu wakatoka mashambani. "Bwana yangu alichukua, nikanyamaza! Sasa na jina yangu pia anachukua!"

Hapo nilicheka, mwanangu, na Koko akacheka, machozi yakamtoka. Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Wake wa kwanza wa kilima kizima walikwenda kusali kwa Petro. Wake wa pili walikwenda kwa Ramazani. Waume walibaki katikati, hawajui wavue kofia wapi. Hivyo ndivyo tulivyopata dini mbili.

Bisimwa alivutwa huku na huku. Ijumaa Nsimire alimtazama aone atainuka au hatainuka. Jumapili Nabintu alimtazama vilevile. Akila kwa mmoja, kwa mwingine chungu kinafunikwa. Kila mmoja alimwuliza, "Wewe uko wa nani?" Siku moja aliwaambia, "Munanivuta sawa ngozi ya ngoma." Wakaendelea kuvuta. Msimu wa ndizi ulipofika alipakia kasiksi mtumbwini, akasema anakwenda kuuza ng'ambo. Hakurudi. Baadaye wavuvi walisema ameoa kule bara mwanamke wa tatu, ambaye hakwenda kwa padri wala kwa mchuuzi. Alimtolea Lyangombe pombe yake kama mama zake, na Bisimwa alikuwa ananenepa. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Sasa ungedhani wivu utakufa, maana mwenye kugombaniwa ameondoka. Haukufa. Wivu hauhitaji mume, mwanangu. Unahitaji tu mtu wa kumtazama. Nabintu alisema Nsimire ndiye aliyemfukuza mwanaume. Nsimire alisema ni Nabintu. Njia iliyounganisha nyumba zao ikaota majani. Kila mmoja alikuwa na Mungu wake, wala hapakuwa na mume.

Ikafika siku ya Nsimire kujifungua. Ilikuwa mchana, wakati wa kuvuna maharagwe, na kilima chote kilikuwa mashambani. Ramazani na mkewe walikuwa wamevuka kufuata chumvi. Nabintu alikuwa anapanda kutoka ziwani, mtungi kichwani, akasikia mlio ndani ya nyumba ile. Kila mwanamke aliyezaa anaujua mlio ule. Na alisikia kwamba si mlio wa kawaida, ni wa mtu anayeshindwa.

"Alisimama mu njia," Koko akasema. "Yeye mwenyewe aliniambia. Alisimama mpaka maji ikapata joto ku mutungi. Alikuwa anaomba. Unajua alikuwa anaomba nini? Alikuwa anaomba Mungu amuambie apite."

"Na Mungu?"

"Mungu alinyamaza. Ile kunyamaza njo ilimushinda."

Nabintu akautua mtungi, akaingia. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Nabintu alikuwa amezalisha wanawake wengi kabla ya ile medali, akaingiza mikono, akamgeuza, akamtoa. Mtoto hakulia. Akampulizia, akampigapiga mgongoni, akamwita kwa majina ya ukoo wa Bisimwa yote aliyoyajua, mpaka akalia. Mtoto wa kike.

Koko akaweka ungo chini. "Mikono ya kwanza ilinishika mu hii dunia," akasema, "ni ya mutu alinichukia mbele sijazaliwa."

Nilisogea karibu naye. Kisha nikasema, "Koko, unasema nini?"

"Nasema vile unasikia. Nabintu hakunizaa. Miye niko mutoto wa Nsimire."

Mwanangu, nilihisi mkeka umeondolewa chini yangu. Huyu ni Koko wa rozari, Koko ambaye padri alimpa mkono kila Jumapili. Mtoto wa Mwislamu wa kwanza wa kilima chetu. Ile sifa niliyoibeba kwenye bato kama panga ilikuwa na makali pande mbili, na mpini sikuuona.

Aliniambia mengine polepole. Maziwa ya Nsimire yalichelewa, na Nabintu, ambaye alikuwa bado ananyonyesha mwanawe wa mwisho, alimnyonyesha yule mtoto. Baada ya hapo usingeweza kujua analala wapi. Alikulia nyumba mbili. Alijua Salamu Maria na alijua kunawa kabla ya sala. Alipokua alimpenda mtoto wa Petro, akabatizwa Elizabeti, akaolewa. Siku ya ubatizo Nsimire alisimama nje mlangoni mwa kanisa, amejifunika kitambaa cheupe, haingii wala haondoki, na karamu yote aliipika yeye. Kwa kuwa mtoto alilelewa na Nabintu kwa Kristo, watu wa baadaye walimwita mtoto wa Nabintu. Hakuna aliyedanganya. Waliacha tu kusema.

"Na wivu?" nikauliza. "Uliisha?"

"Uishie wapi?" Koko akasema. "Nabintu alipokuwa anakufa, Nsimire njo alikuwa anamuogesha. Siku ya mwisho Nabintu akamushika mukono, akamuuliza: 'Semea miye ukweli. Bisimwa alikuwa anapenda chakula ya nani?' Mama Nsimire akamujibu, 'Ya kwako, dada.' Nabintu akafurahi, akafunga macho. Mama akatoka inje, akanikuta nalia. Akanisemea ku sikio: 'Nimesema uongo. Alipenda ya kwangu.'"

Safari hii hatukucheka sana.

Koko akakiwasha upya kile kiko, akavuta, akanigeukia. Hapo ndipo kemeo lilipokuja, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Sasa wewe unataka niende Bukavu kupiga ile bibi na jina ya Yezu. Yezu alikosa nini? Mama zangu bale wawili balimutuma Mungu kazi ya wivu, juu hawakukuwa na kinywa mbele ya bwana. Mwanamuke wa ile wakati, nani angemusikiliza? Mungu alibahurumia. Aliingia mu nyumba yabo kwa mulango ya jikoni, akabakia. Lakini wewe ulisoma. Unasimama mbele ya batoto siku yote, unasema. Bwana yako, ulimuambia nini?"

Nikaokota punje moja ya maharagwe iliyoanguka mkekani.

"Sijamuambia kitu, Koko."

"Ulimuambia dada yako. Ulimuambia Mungu. Miye umepanda bato kuya kuniambia. Yeye peke yake njo hajue. Enda. Siendi Bukavu."

Nililala pale, na kesho yake nikapanda bato la kurudi. Sikuwa nimetulia, usidhani. Njia nzima wivu ulikuwa unanitafuna kama kawaida. Lakini sasa nilijua ni wangu mimi.

Nilimkuta Deo nyumbani anajaribu kutengeneza redio. Nilisimama mbele yake na vumbi la safari miguuni.

"Deo, niko na wivu," nikasema. "Nanusa mashati yako. Nilienda sokoni kumuona Zaina. Sitaki bwana yangu awe na mwingine, hata kwa ruhusa, hata kwa siri."

Alishtuka. Akashika bisibisi kama mtu anayeshika mkongojo. "Maman Faida, haiko vile. Ni mambo ya roho. Natafuta Mungu."

"Kama unatafuta Mungu, enda, hata sasa. Ramadhani ikifika nitaamka kukupikia daku. Kama unatafuta Zaina, sema Zaina."

Hakusema Mungu, hakusema Zaina. Moyo wa mtu ni msitu. Alitoka akaenda kutembea, akarudi, akala, hatukuongea. Nami nikaona kwamba neno limebaki nusu, nikaenda Kadutu.

Safari hii sikujifanya mnunuzi. Nilimwambia Zaina mimi ni nani. Mikono yake ikasimama juu ya kitambaa.

"Mama ya Faida?" akasema. "Deo aliniambia kama wewe ulishakubali. Alisema ni wewe njo ulimutuma, juu unataka musaidizi mu nyumba."

"Miye?"

"Wewe." Akanivutia kigoda, nikakaa nyuma ya meza yake, kati ya mabunda. Akainamisha sauti kwa ajili ya majirani. "Dada, marehemu bwana yangu alinioa bibi wa pili. Wa kwanza hakuambiwa kitu. Ile chakula nilishakula, sirudie. Na Deo asijifiche nyuma ya dini yangu. Dini yangu haiko pazia."

Nilitaka kumchukia. Nilijaribu. Akaongeza, na macho yake sasa yalikuwa mekundu: "Unajua kitu inaniuma? Akifika hapa anakuongea wewe. Bibi yangu anafundisha vile, bibi yangu anasema vile. Na miye niko nasikiliza, nakunja vitambaa. Hata wewe ungeona wivu."

Basi kumbe alikuwa anaona moshi wa nyumba yangu, kama nilivyokuwa naona wa kwake. Hatukukumbatiana, hatukulia pamoja. Nilimwambia asante, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Zaina alimwambia Deo asikanyage tena pale. Yule bwana alikaa nyumbani kwangu msimu mzima kama mgeni aliyekosa nauli. Aliona aibu, na mimi nilikuwa na hasira, na tuliishi hivyo, tunapitishiana chumvi. Polepole tukaanza kuongea. Kwanza habari za mtoto, kisha zile zetu. Tulizaa wengine. Alikuwa mume mwema kwangu mpaka Mungu alipomchukua, na nilimlilia kwa kweli. Lakini sitakudanganya: kwa miaka mingi, nikifua, niliendelea kunusa kwanza. Zaina hakuwa rafiki yangu. Tulisalimiana kwa adabu, na nilipofiwa alikuja kukaa na sisi matangani, akaketi nyuma, akaondoka bila kuaga. Hiyo ilinitosha.

Koko alikufa zamani. Pale kilimani kuna kanisa la matofali na msikiti mdogo wenye bati, na vijana wa siku hizi wanabishana nani alitangulia. Kijana mmoja wa chuo kikuu alinifuata hapa Nguba, mtaani kwangu Bukavu, anataka kujua ipi kati ya dini mbili ilifika kwanza kwetu. Nilimwambia wivu ndio uliofika kwanza, dini zilikuja nyuma yake, na kwamba wale waliokuja kwa Mungu kwa sababu mbaya walikufa wakimpenda kwa sababu njema. Alinitazama kama mtu aliyepewa ugali bila mboga. Atakua.

Wewe, mwanangu, shika hili. Wivu utakufika, hakuna nyumba yenye upendo isiyopitiwa na kivuli chake. Ukikufika usiuite jina lingine. Usiuite dini, usiuite heshima ya ukoo, usiuite huruma kwa watoto. Uite wivu, uupeleke kwa yule unayempenda, umwambie kwa kinywa chako mwenyewe, mchana, bila mashahidi. Mficha uchi hazai. Huenda atakuchagua, huenda hatakuchagua, na ukweli utauma. Lakini usimtume Mungu akakupigie mtu, maana siku utakapomhitaji kwa jambo lako la kweli, utaona haya kumtazama. Na yule mwingine unayemwona adui, mkumbuke kwamba naye ana nyumba anayoitazama kwa uchungu, na huenda ni yako.

Nenda salama, mwanangu. Mungu aliyewasikia wale mama wawili akusikie na wewe. Akupe mume wa kinywa kimoja, akupe kinywa kisichoogopa, akujalie watoto watakaokuzika kwa heshima. Na siku utakapokuta mtu unayemchukia anaumia peke yake, Mungu anyamaze, ili moyo wako useme. Amina.